Mjadala: Mtembezaji mmoja achukue wageni wangapi ndani ya Mji Mkongwe?

MLETA HOJA
Assalamu alaykum. Naiweka hoja wazi ili ipingwe: ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar, mtembezaji mmoja asichukue zaidi ya wageni 12. Siku ikitia nanga meli ya watalii, si ajabu kukuta watu 25 au 30 nyuma ya kibendera kimoja.

Tupige hesabu. Vichochoro vingi vya Kiponda na Mkunazini vina upana wa mita 2, vingine havifiki. Ukinyoosha mikono unagusa kuta zote mbili. Humo wageni hupita mmoja mmoja. Watu 25 wakiachana mita moja ni mstari wa mita 25, na njia yenyewe inapinda kabla mstari haujaisha. Mtembezaji akisimama kueleza mlango wa nakshi, wa nyuma hamwoni wala hamsikii. Basi anapaza sauti mpaka inaingia madirishani mwa watu. Wa nyuma wakichoka kungoja wanaanza kuchungulia kumbi na kupiga picha. Mwenye mkokoteni au vespa ndiyo kakwama, mbele hakupitiki na kurudi hawezi. Wageni 12 wanaweza kusimama safu mbili ubavuni mwa ukuta, mita 4 hivi, na nusu ya njia ikabaki wazi.

Njia iliyozoeleka ni Ngome Kongwe, Forodhani, Mizingani, Mtini, Kiponda, Hurumzi, Darajani, Mkunazini, Sokomuhogo, Minara Miwili, kisha Shangani. Ni kama kilometa 3, saa mbili na nusu mpaka tatu kwa mwendo wa kusimama-simama. Forodhani na Mizingani hata watu 40 hawana tabu. Ninachokizungumzia ni kipande cha kati, kuanzia Mtini mpaka Sokomuhogo.

MTEMBEZAJI
Ndugu yangu, hesabu ya upana naikubali. Ya pesa hukuipiga. Kundi la 24 likigawanywa linataka watembezaji wawili. Wakala ameshamuuzia mgeni safari kwa bei yake, hatairudia. Atachukua malipo yaleyale na kuyakata vipande viwili. Au atamchukua mmoja mwenye leseni ya Kamisheni ya Utalii, na kundi la pili alikabidhi kwa papasi, mtembezaji wa mitaani asiye na leseni. Papasi atakubali hata malipo ya chini kabisa, kwa sababu riziki yake iko kwenye kamisheni ya duka. Ndiyo maana ziara yake inapita maduka matatu ya vinyago Gizenga, na Msikiti wa Mnara kule Malindi haiufikii kabisa. Kikomo kikiwekwa bila kusema kwamba malipo ni kwa kila mtembezaji na si kwa kundi, atakayeneemeka ni papasi.

Halafu kuna jambo ambalo kwangu ni zito kuliko idadi: saa. Mji huu una misikiti kama hamsini, huwezi kuikwepa yote, lakini saa unaweza kuikwepa. Kundi linaloingia ndani kati ya saa 9 na nusu na saa 10 alasiri linakutana uso kwa uso na watu wanaokwenda na kutoka kusali, hata likiwa la watu 6. Ziara ya asubuhi ianze saa 2 na nusu, iishe kabla ya adhuhuri. Ya jioni ianze saa 10 na robo, ifupishwe iwe saa moja na nusu, na igeuzwe: ianzie Mkunazini, imalizikie Forodhani, ili magharibi ikiadhiniwa kundi liko ufukweni. Ijumaa kuanzia saa 5 na nusu mpaka saa 8, ndani pasiingiwe.

MKAAZI WA KIPONDA
Saa ni kweli, lakini kaka, usiifanye ifunike idadi. Sisi tunaishi humu saa zote. Baraza ya nje ni mahali pa watu wa nyumba na jirani zao. Pale hunywewa kahawa, hupokelewa mgeni, hupozewa jua. Mtalii anaona benchi ya umma. Wakiwa wanane, mtembezaji anabisha hodi, anaomba, watu wanasogea, wanakaribishwa. Wakiwa ishirini na tano haombwi mtu. Wanakaa, mikoba wanaiegemeza mlangoni, na mama aliyekuwa ndani anangoja wapite ndipo atoke.

Na msiba je? Jamvi likitandikwa kichochoroni, kundi dogo linageuka palepale. Mstari wa mita 25 haugeuki: wa mbele wameshasimama kwenye jamvi, wa nyuma wanazidi kusukuma, na kuna anayetoa simu apige picha. Hali kadhalika watoto wakitoka chuo cha Kurani. Mimi ningesema 8, si 12.

MCHANGIAJI
Naunga mkono kikomo, tena kwa ajili ya majengo. Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, imeshaanguka. Tunangoja lipi jengine?

FUNDI CHOKAA
Hapo usichanganye mambo, bwana. Beit al-Ajaib ya Sultani Sayyid Barghash, ya mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Disemba 2020 ikiwa kwenye matengenezo, na mafundi wawili wakafa. Miguu ya watalii haikuiangusha.

Nyumba zetu ni mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta nusu mita na zaidi. Dari inabebwa na boriti za mikoko, na boriti haina urefu wa kutosha, ndiyo maana vyumba ni virefu na vyembamba, upana mita 3 au chini yake. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha zege la chokaa na kokoto linalopondwa mpaka likamatane. Adui wa kazi hii ni maji. Nyumba ikigeuzwa hoteli, kila chumba kinatiwa bafu. Bomba likivuja ghorofa ya pili, maji yanatembea ndani ya zege mpaka kwenye kichwa cha boriti, kile kilichozikwa ukutani. Boriti inaoza pale pasipoonekana. Katikati ya chumba ukiitazama ni nzima, ukiigonga inalia vizuri. Chomeka bisibisi pale inapoingia ukutani, inazama kama kwenye mkate.

Nje nako wanapiga plasta ya saruji ipendeze. Saruji haipumui. Unyevu unafungiwa ndani, chumvi inafura, baada ya misimu michache ya mvua plasta inabanduka na inatoka na jiwe. Begi la mtalii linakwangua kona za kuta na kingo za baraza, kweli, lakini hiyo ni kazi ya siku moja kwa ndoo ya chokaa iliyolowekwa vizuri. Ukiziba kwa saruji ndipo umeanza kuua kona. Kwa hiyo tukitaka kikomo, tukidai kwa ajili ya watu wanaoishi humu. Majengo yana kesi yao, na mshitakiwa ni bomba.

MSOMA HISTORIA
Kuna hoja haijaguswa: kinachosemwa. Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, ndipo kundi kubwa linapoharibu zaidi. Vyumba viwili vya chini vina dari ya kuinamia, wanaingia wanane mpaka kumi kwa wakati. Kundi la 25 linaingia kwa zamu tatu, wengine juani, na mtembezaji anarudia maneno mara tatu kwa haraka. Kinachobaki ni lile la kutisha tu: hapa walifungiwa watumwa. Lakini soko lilifungwa mwaka 1873, kwa mkataba ambao Waingereza walimshurutisha Barghash kuukubali, na jengo lililo juu ya vyumba hivyo ni la wamisheni wa Kianglikana, la baada ya hapo. Wanahistoria wanabishana kama mtumwa yeyote aliwahi kuwekwa humo. Soko lilikuwepo kweli, mahali ni palepale, na kanisa limejengwa juu yake kwa makusudi. Zile sanamu tano za watumwa shimoni zilichongwa mwaka 1998, na mgeni ana haki ya kuambiwa hivyo. Ukweli huu hauupunguzii uchungu biashara ile hata chembe, ila unataka dakika kumi za utulivu na watu wanaosikia.

Ni vivyo hivyo kwa milango. Misumari ya shaba inaelezwa kuwa ni ya kuzuia tembo; huo ni utamaduni uliokuja na mafundi wa Kihindi, hapa ni pambo. Badala yake mwoneshe mgeni maandishi ya Kiarabu kwenye kizingiti cha juu. Mara nyengine kuna mwaka wa Hijria: zidisha kwa 0.97, ongeza 622. Ukisoma 1306, unapata 1888 au 1889. Kundi dogo linaisoma tarakimu yenyewe kwa macho yake.

MTEMBEZAJI
Nimekusikia, maalim, na la Mkunazini nalikubali lote. Lakini kuna visikilizio vya masikioni. Mtembezaji anasema kwa sauti ya chini na wa mwisho anasikia. Kwa nini tusianze navyo?

MLETA HOJA
Visikilizio vinatibu sauti. Urefu wa mstari unabaki ni uleule, na mgeni mwenye kifaa sikioni hasikii kengele ya baiskeli wala "hodi, njia!" ya mwenye mkokoteni.

La malipo umenishinda, na narekebisha hoja. Kundi likizidi 12 ligawanywe Mtini: la kwanza liingie Kiponda na Hurumzi, la pili lipite Malindi na Darajani, wapishane Mkunazini kwa dakika 40. Kila moja na mtembezaji wake mwenye leseni, malipo kwa kichwa cha mtembezaji, na wa pili alipwe na wakala aliyelijaza kundi. Dada wa Kiponda, 8 naiona ni haki kwa vichochoro vya kwenu, ila sijaona bado nani atasimama Mtini kuhesabu.

MKAAZI WA KIPONDA
Tutahesabu sisi, kutoka barazani. Mtupe pa kupeleka hesabu hiyo.