Muuguzi anayetaka kuhamia Ujerumani: ni lini inakuwa salama kuacha kazi nyumbani?

MuuguziNyandaZaJuu

Wanajamvi, habari za wakati huu. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nimesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, na nimeajiriwa katika hospitali moja ya serikali huku Nyanda za Juu Kusini. Ninakusudia kuhamia Ujerumani kikazi, na mume wangu pamoja na mtoto wetu wanifuate baadaye. Kuna wakala anayenitaka nilipe ada yake kwanza, kisha niache kazi ili nijifunze lugha kwa muda wote. Habari za viza zimeandikwa kila mahali; ninachoomba kujua ni yale yanayomkwamisha mtu akiwa ameshatumia fedha.

Mkunga_Ughaibuni

Ndugu mleta mada, nianze na huyo wakala, kwa sababu hapo ndipo fedha nyingi hupotea. Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kanuni za ajira za Ujerumani zinaelekeza kwamba katika nchi za orodha hiyo, kutafuta wauguzi na kuwaunganisha na waajiri ni kazi ya Shirika la Ajira la Shirikisho peke yake. Wakala binafsi anayekuahidi kukupeleka hospitalini huko anafanya jambo asiloruhusiwa, hata kama ofisi yake ina kiyoyozi na bendera mezani. Wewe mwenyewe, hata hivyo, hujazuiwa kuomba kazi moja kwa moja kwa mwajiri, na ndiyo njia ninayokushauri.

Kikwazo kikubwa ni utambuzi wa taaluma. Kila jimbo kati ya majimbo 16 lina mamlaka yake, nayo hulinganisha masomo yako na mafunzo yao ya miaka mitatu, somo kwa somo na saa kwa saa, kwa hiyo omba chuoni kwako mchanganuo wa saa za nadharia na za mazoezi ya wodini, kwani orodha ya alama peke yake haitawaambia chochote. Kwa kawaida hujibu kwa barua inayotaja upungufu, ambao unaufidia kwa mtihani au kwa mafunzo ya nyongeza. Hadi hapo utafanya kazi kama msaidizi wa uuguzi, kwa mshahara mdogo zaidi, na wengi huvunjika moyo kumwogesha mgonjwa huku wakikatazwa kumchoma sindano waliyoichoma nyumbani kwa miaka.

Kuhusu lugha, leseni ya uuguzi ya huko kwa kawaida hudai Kijerumani cha kiwango cha B2, yaani juu ya wastani. Mtihani wa Goethe, taasisi ya lugha ya Kijerumani, una sehemu nne, kila moja ikihitaji alama 60 kati ya 100, na unaweza kurudia ile uliyoanguka tu. Anza masomo ya jioni ungali kazini. Usiandike barua ya kuacha kazi kabla viza haijabandikwa kwenye pasipoti, na hata wakati huo ulizia kwanza likizo bila malipo.

Karani Mstaafu

Naongeza jambo ambalo vijana hulidharau, nalo ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Neema John, cheti cha kidato cha nne kinasema Neema J. Mwakalinga, kitambulisho cha NIDA kina majina matatu kwa mpangilio mwingine, na cheti cha ndoa kimeongeza la mume. Hapa kwetu karani anatabasamu na kugonga muhuri. Kule kila jina ni mtu mwingine. Chagua jina lililo kwenye vyeti vya shule, kwa kuwa hivyo ndivyo vigumu zaidi kurekebisha, kisha wakili akuandalie hati ya kiapo cha jina (deed poll) isajiliwe kwa Msajili wa Hati, ndipo uende RITA (wanaotoa vyeti vya kuzaliwa), NIDA na Uhamiaji. Ukitafsiri nyaraka kabla ya kusawazisha majina, utalipia tafsiri mara mbili.

MuuguziNyandaZaJuu

Nashukuru sana. Mzee wangu, umenigusa: cheti changu cha ndoa kina jina la mume, vingine vyote havina. Na je, nikishafika?

Karani Mstaafu

Hilo la ndoa halina shida kubwa, mwanangu, maadamu cheti chenyewe kinaonyesha jina lako la awali. Usibadili pasipoti kufuata jina la mume katikati ya safari hii.

Mkunga_Ughaibuni

Ukishafika, unatakiwa kusajili anwani ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na usajili unadai barua ya mwenye nyumba. Namba ya mlipakodi hutumwa kwa posta, na posta haiachi barua kwenye kisanduku kisicho na jina lako. Mwenzangu mmoja alikatwa kodi ya mshahara kwa kiwango cha juu kabisa kwa sababu namba hiyo haikumfikia, kisanduku kikiwa bado na jina la mpangaji aliyehama. Amana ya nyumba inaweza kufika pango la miezi mitatu, na nyumba nyingi hupangishwa bila jiko wala sinki, kwa hiyo kabla ya kusaini mkataba muulize mwajiri kama ana makazi ya watumishi. Suala la mume na mtoto nakushauri ulipange baada ya kupata leseni, kwani mshahara wa msaidizi utakupa taabu kuthibitisha kwamba unaweza kuwatunza.