Waliowahi kufika kwenye bustani ya sanamu kule Hakone, Japani, tupeane uzoefu

Mwana wa Mpingo:
Wakuu, jana nilikuwa natoa vitu kwenye begi la zamani nikakuta tiketi ya Hakone, imefifia ila bado inasomeka. Nikakaa chini kabisa.

Nilikwenda mwaka 2017, nikiwa kwenye mafunzo ya miezi mitatu Yokohama. Mimi ni mtoto wa mchonga vinyago, nimekulia kwenye vumbi la mpingo. Vinyago vya nyumbani kwetu vilikuwa vya kushika mkononi, mzee akimaliza anavifunga gazeti visipigwe jua. Kule nikakuta sanamu zimeachwa kwenye nyasi, manyunyu yanazipiga, mlima uko nyuma yake. Zilizo nje zinafika kama 120. Nilipofika kwa zile za Henry Moore, yule mchonga sanamu wa Kiingereza (wanazo 26), nikapiga magoti nikachungulia kwenye tundu la mojawapo, na kilima chote kikaingia humo ndani. Mzee wangu alikuwa keshafariki. Nilitamani awe pale anieleze yule mtu aliamuaje kutoboa hapo na si pengine.

Mliofika, leteni ya kwenu.

Kokoto:
Umenikumbusha mbali sana mkuu. Mimi ile treni ya kutoka Hakone-Yumoto ndiyo sitaisahau. Inapanda mpaka inafika mahali reli imekwisha, inasimama. Dereva anatoka na kuhamia upande wa pili, anapishana na kondakta, halafu tunaanza kwenda kinyumenyume! Mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani imeharibika, nikawa nawatazama abiria wengine usoni kama kuna mwenye wasiwasi. Wote wamelala.

Msafiri Kimya:
Mwenyewe nilidhani hivyo hivyo.

Bint Unguja:
Assalaam aleykum. Mie nilikwenda na wenzangu wa chuo, na kilichonipa raha ni lile bwawa la kulowesha miguu mle mle ndani ya bustani. Maji ya moto ya chemchemi yenyewe. Wenzangu walipanga twende bafu la moto pale Gora, jirani na bustani, nami nikawaambia mapema kabisa, kuvua nguo zote mbele za watu sitaweza, hata kama wanawake wako upande wao peke yao. Basi pale bustanini nikapandisha suruali mpaka chini ya magoti, hijabu yangu kichwani, nikakaa na bibi wa Kijapani huku na bibi wa Kijapani huku. Miguu ilikuwa imekufa kwa kutembea. Wallahi nilikaa karibu saa nzima.

Kwa dada zangu wenye haya kama yangu: nyumba nyingi za wageni zina bafu dogo la kukodi kwa familia, mnajifungia wenyewe. Ulizeni kabla ya kulipia chumba.

Kaka wa Tabaka:
Mimi nilirudishwa mlangoni kwenye bafu moja kwa sababu ya chale ya mkononi, jina la mamangu tu. Iliniuma sana, nilikuwa nimeshavua viatu. Anayekwenda na chale aulize kwanza.

Mama Kulwa:
Nimesoma hapo kwa Bint Unguja kuhusu lile bwawa la miguu nikashindwa kunyamaza. Hii sijawahi kuiandika popote.

Baba watoto alikuwa anasoma Tsukuba, tukamfuata. Kulwa na Doto walikuwa na miaka mitano. Mwezi wa kumi na moja tukapanda Hakone, siku ya baridi. Baba watoto akaingia kwenye jumba la kazi za Picasso, yule mchoraji wa Kihispania, mimi nikabaki na wanangu kwenye lile jengo la magogo lenye nyavu za rangi ndani, zimefumwa kwa mkono, zinaning'inia kama matumbo ya chewa mkubwa. Zimefumwa na mama mmoja wa Kijapani, Toshiko Horiuchi MacAdam. Wanaoruhusiwa kupanda ni watoto tu, mkubwa unasimama chini unatazama juu. Nikajisemea, watoto weusi humu ni wawili tu, hawa hawapotei.

Kulwa akatoka peke yake. Nikamuuliza mwenzako yuko wapi, akasema kashuka zamani.

Jamani. Nilizunguka lile jengo mara tatu. Neno la Kijapani lililonijia ni moja tu, kodomo, mtoto. Nikawa nalirudia kwa kila ninayekutana naye, kodomo, kodomo, na mkono nimeuweka usawa wa kiuno kuonyesha urefu. Mlinzi akatoa redio. Nikamfunga Kulwa mgongoni kwa kanga, mtoto wa miaka mitano, kwa sababu sikuweza tena kumwachia mkono. Nikapita kwenye lile bwawa lenye uso mkubwa umelala majini, nywele zake ni majani, unalia machozi. Mbele ya ule uso miguu ikakataa kwenda. Nilikuwa natazama maji, natafuta koti la njano.

Halafu nikaona ule mnara wa vioo vya rangi nikafikiri, mtoto ataukimbilia huu. Ndani ni ngazi za kuzunguka, na mwanga unakuja mwekundu, buluu, kijani, unaingia mpaka kwenye mikono yako. Nikapanda mita zote 18 na Kulwa mgongoni, naita. Juu hayupo. Nikashika ukingo nikatazama chini, na kule kwenye nyasi nikaliona koti la njano, linatembea pole pole, limeshikwa mkono na bibi mmoja. Mkono wa pili wa bibi umebeba viatu vya Doto.

Sijui nilishukaje.

Suruali yake ilikuwa imeloa mpaka magotini. Nikamuuliza ulikwenda wapi, akanijibu, "Niliona moshi, nikajua mama anapika." Alikuwa amefuata mvuke wa bwawa la miguu.

Kokoto:
Nimesoma nimesimama. Pole sana mama.

Mzee wa Ratiba:
Pole, lakini tuseme ukweli, mtoto wa miaka mitano haachiwi macho hata dakika moja. Huo ni uzembe.

Bint Unguja:
Mzee, yeye kasema mkubwa haruhusiwi kupanda. Angemfuataje huko juu ya nyavu? Na baba mtu alikuwa anatazama vyungu vya Picasso, mbona huyo humgombezi?

Mzee wa Ratiba:
Nalipokea. Basi ushauri: wekeni kikaratasi chenye namba ya simu mfukoni mwa mtoto. Na fikeni saa tatu asubuhi wakifungua, hakuna watu.

Kaka wa Tabaka:
Asubuhi hapana, kuna ukungu, nilikaa saa mbili bila kuona mlima. Nendeni baada ya chakula cha mchana.

Msafiri Kimya:
Mchana kumejaa. Kuleni kwanza yale mayai meusi ya Owakudani, kule kwenye bonde la volkano wanakoyachemsha kwenye chemchemi za moto, wanasema moja linaongeza miaka saba, muwe na muda wa kungoja watu wapungue.

Mwana wa Mpingo:
Nauliza jambo linalonisumbua tangu 2017. Ile bustani ilifunguliwa mwaka 1969. Wamakonde wakati huo walikuwa wanachonga Ujamaa, watu wamebebana mpaka juu. Kwa nini kazi za namna ile hazina kilima chake?

Kaka wa Tabaka:
Mpingo ukiachwa juani unapasuka, unajua mwenyewe. Leteni jiwe letu la Kisii muone.

Mwana wa Mpingo:
Jiwe la Kisii laini, kucha inalikwaruza. Mvua ya miaka 50 italiacha? Ndiyo maana kule wameweka shaba. Hata Askari wetu pale Dar ni shaba, amesimama tangu 1927.

Kaka wa Tabaka:
Usidharau jiwe la watu. Babangu kachonga maisha yake yote.

Mwana wa Mpingo:
Sijadharau, ndugu. Wangu pia kachonga maisha yake yote. Niwie radhi.

Kokoto:
Swali dogo, mwezi ujao naenda na mke wangu. Taulo la kufutia miguu unabeba au wanauza?

Msafiri Kimya:
Wanauza pale pale, yeni 100 wakati wangu. Usibebe mzigo.

Bint Unguja:
Beba. Mie nililonunua lilikuwa jepesi mno.

Mama Kulwa:
Yule bibi alimfuta Doto kwa taulo lake mwenyewe. Nilipotaka kumrudishia akalikunja, akaliweka kwenye mfuko wa koti la njano na kuupigapiga. Ninalo mpaka leo. Doto hataki nilifutie vyombo.