Tupeane uzoefu: Talaka ndani ya jeshi la Marekani, kwa mwanajeshi na kwa mwenza wake

Mama Killeen
Wakuu, salaam. Vijana wetu wengi wa Kenya, Tanzania na Kongo wanavaa magwanda ya jeshi la Marekani, na ndoa zinapovunjika, taarifa zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp zinaponza watu. Mwingine anaambiwa "hujafikisha miaka 10, huna chako". Mwingine anasaini makubaliano ya kugawana mali bila kujua kuna fomu inayotakiwa kutumwa kabla mwaka haujaisha. Wenye kuyajua haya waandike hapa, na namba za fomu zitajwe.

Nianze na la msingi. Talaka inatolewa na mahakama ya jimbo, si na jeshi. Kamanda hawezi kuvunja ndoa wala kuizuia. Jeshi linahusika na mshahara, pensheni, matibabu na nyumba ya kambini, na huko kote linataka karatasi ya mahakama mkononi.

Karani wa Familia
Ahsante Mama Killeen. Pa kufungulia kesi ndipo wengi wanapokosea. Kwa kawaida kuna milango mitatu: jimbo ambalo ni makazi ya kisheria ya mwanajeshi, jimbo alikopangiwa kazi, au jimbo anakoishi mwenza. Masharti yanatofautiana. Texas inataka miezi 6 jimboni na siku 90 kwenye kaunti, na muda wa kupangiwa kambi huko unahesabika. Kesi ikishafunguliwa, kwa kawaida hukumu haitoki kabla ya siku 60. North Carolina, kwenye kambi ya Fort Bragg, inataka mmoja wenu awe amekaa jimboni miezi 6, na nyote wawili muwe mmeishi mbalimbali mwaka mzima.

Mtego uko hapa. Mahakama inaweza kuwa na uwezo wa kuvunja ndoa lakini isiwe na uwezo wa kugawa pensheni. Sheria ya shirikisho ya 1982 inayolinda wenza wa zamani wa wanajeshi inataka moja kati ya mambo matatu: jimbo hilo liwe makazi ya kisheria ya mwanajeshi, au awe anaishi hapo kwa sababu isiyokuwa amri ya jeshi, au akubali mwenyewe mamlaka ya mahakama hiyo. Kwa hiyo mke anayefungua kesi karibu na kambi kwa sababu tu ndipo alipo anaweza kutoka na talaka, pensheni ikabaki haijaguswa. Kabla ya kulipa ada ya mahakama, angalia mume analipa kodi ya jimbo gani, amejiandikisha kupiga kura wapi, leseni yake ya udereva ni ya wapi.

Sajini Mstaafu
Na kwa mwanajeshi: ukipelekewa hati za kesi ukiwa ughaibuni au mazoezini, usizitupe kabatini. Sheria ya kinga ya kiraia kwa wanajeshi, SCRA, inakupa haki ya kuomba kesi isimame kwa angalau siku 90. Unahitaji barua mbili. Ya kwanza ni yako, ikieleza jinsi kazi inavyokuzuia kufika na tarehe utakayoweza kufika. Ya pili ni ya kamanda wako, ikithibitisha kwamba kazi inakuzuia na kwamba huwezi kupewa likizo kwa sasa. Ikikosekana moja, ombi linayumba.

Ombi hilo halihesabiwi kuwa umejisalimisha kwa mahakama. Lakini ukijibu madai yenyewe ya kesi, mahakama nyingi zinachukulia kwamba umeikubali, na ule mlango wa pensheni alioueleza Karani unafunguka. Muone kwanza mwanasheria wa ofisi ya msaada wa kisheria kambini. Huduma ni bure, ingawa mara nyingi hawasimami mahakamani kwa niaba yako. Mwenza naye ana haki ya kwenda, ila ofisi moja haiwezi kuwashauri nyote wawili. Aliyetangulia ndiye wanayebaki naye, wa pili anaelekezwa kwingine.

Dada Rehema
Samahani wakubwa, kabla ya talaka je? Ameondoka nyumbani, hatumi kitu, na bado hakuna amri ya mahakama.

Sajini Mstaafu
Dada Rehema, kwa jeshi la nchi kavu kuna kanuni AR 608-99. Pasipo amri ya mahakama wala makubaliano ya maandishi, askari anatakiwa kutoa matunzo kwa kipimo cha posho ya nyumba ya mwenye wategemezi, ile ya kiwango kimoja kisichofuata eneo. Kwa hiyo ni ndogo kuliko posho unayoiona kwenye hati yake ya mshahara. Usishtuke ukikuta pungufu. Mwandikie kamanda wa kompania yake, taja kanuni hiyo, ambatisha cheti cha ndoa na vyeti vya watoto. Vikosi vingine vina kanuni zao na viwango vyao.

Nyumba ya kambini nayo: askari akishahama, familia kwa kawaida hupewa siku 30 kutoka. Anza kutafuta pa kuhamia mapema.

Mzee wa Mafao
Sasa pensheni, maana hapa ndipo penye fedha na ndipo penye uongo mwingi.

Kanuni ya miaka 10 haisemi kwamba chini ya hapo huna haki. Inasema hivi: ili DFAS, ofisi ya malipo ya jeshi, ikulipe wewe moja kwa moja, ndoa iwe imedumu angalau miaka 10 sambamba na miaka 10 ya utumishi. Ndoa ya miaka 7 bado inaweza kupewa sehemu na jaji. Tofauti ni kwamba mwenza wako wa zamani ndiye anayekulipa kutoka mfukoni mwake, na asipolipa unarudi mahakamani. Tena hakuna sheria inayomlazimisha jaji kukupa nusu. Asilimia 50 ni ukomo wa kile DFAS inachoweza kukutumia kama mgawo wa mali. Ukijumlisha na matunzo, ukomo ni asilimia 65.

Kwa talaka za baada ya tarehe 23 Desemba 2016 ambapo mwanajeshi bado yuko kazini, mgawo unahesabiwa kwa cheo na miaka aliyokuwa nayo siku ya talaka, si siku ya kustaafu. Chukua askari wa mfumo wa zamani wa pensheni mwenye miaka 12 kazini, wastani wa mshahara wake wa msingi kwa miezi 36 ya juu ni dola 4,000. Zidisha kwa asilimia 2.5 mara 12, yaani asilimia 30: unapata dola 1,200 kwa mwezi. Kama ndoa ilidumu miaka yote hiyo 12 na jaji akagawa nusu kwa nusu, fungu la mwenza ni dola 600, pamoja na nyongeza za kupanda kwa gharama za maisha. Hata akija kustaafu na cheo kikubwa, hesabu inaanzia kwenye hizo 1,200. Na hazianzi kulipwa mpaka astaafu.

Hukumu lazima itaje vitu viwili kwa tarakimu: huo wastani wa mshahara na miaka ya utumishi siku ya talaka. Wanasheria wasiozoea kesi za jeshi wanaandika tu "nusu ya pensheni", na DFAS inairudisha. Kurekebisha hukumu miaka 8 baadaye, wakati kumbukumbu za mshahara zimetawanyika, ni mateso. Ikiwa sawa, tuma nakala iliyothibitishwa na karani wa mahakama pamoja na fomu DD 2293. Usisubiri astaafu.

Akiba ya TSP, mfuko wa kujiwekea akiba ya kustaafu, ni jambo tofauti kabisa. Ina amri yake ya mahakama, na hukumu ya pensheni haiigusi.

Karani wa Familia
Niongezee hapo Mzee. Malipo ya ulemavu kutoka VA, idara ya masuala ya maveterani, hayagawiwi kama mali. Mstaafu akiacha sehemu ya pensheni ili apokee ya VA, pensheni ya kugawana inapungua, na Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2017, kesi ya Howell, ilisema jaji wa jimbo hawezi kumwamuru afidie pengo hilo. Kwa matunzo ya watoto ni tofauti: huko malipo ya VA yanaweza kuhesabiwa kama kipato.

Mzee wa Mafao
Sawa kabisa. Na mgawo wa pensheni unakufa na mwanajeshi. Akifariki leo, mwezi ujao huna kitu, isipokuwa umewekwa kwenye mpango wa warithi, SBP. Mpango huo unalipa asilimia 55 ya kiwango cha pensheni kilichochaguliwa, na makato ni asilimia 6.5: kwa kiwango cha dola 2,000, makato ni 130 na mrithi anapata 1,100 kila mwezi. Hukumu ikisema mwenza wa zamani awekwe, mwanajeshi ana mwaka mmoja tangu talaka kutekeleza. Asipofanya, wewe mwenyewe peleka fomu DD 2656-10 na hukumu ndani ya mwaka mmoja tangu amri hiyo. Hata kama bado yuko kazini, peleka. Mwaka ukipita DFAS haipokei tena, na wajane wengi wamepoteza haki yao hapo tu. Ukiolewa tena kabla ya miaka 55 malipo yanasimama. Mgawo wa pensheni hausimami, labda hukumu iwe imesema hivyo.

Dada Rehema
Na matibabu?

Mama Killeen
TRICARE, bima ya matibabu ya jeshi, inaendelea kwa aliyetimiza 20 tatu: ndoa miaka 20, utumishi miaka 20, na vyote viwili kwenda sambamba miaka 20. Miaka ya sambamba ikiwa 15 hadi chini ya 20, unapata mwaka mmoja tu. Wengine inakatika siku ya talaka, ila kuna bima ya kulipia, CHCBP, hadi miezi 36. Uiombe ndani ya siku 60. Watoto wa mwanajeshi wanabaki na yao.

Bint Kisauni
Niseme na waliofunga ndoa nyumbani. Ndoa ya Mombasa au Dar inaweza kuvunjwa na mahakama ya jimbo la Marekani unakoishi, huna haja ya kupanda ndege. Talaka ya kutamkwa mbele ya wazee au ya barua haibadilishi chochote kwenye DEERS, daftari la wategemezi. Wanataka hukumu ya mahakama. Na mwanajeshi anayechelewa kuripoti talaka akaendelea kupokea posho ya mwenye mke atakatwa deni lote, na adhabu ya kijeshi inaweza kufuata.

Kwa mwenye kadi ya ukaazi ya miaka 2: talaka haikuondolei njia. Unajaza I-751 peke yako, ukiomba usamehewe sharti la kusaini pamoja, na unaonesha ndoa ilikuwa ya kweli: mkataba wa nyumba, kodi mliyojaza pamoja, vyeti vya watoto. Aliyesaini I-864 kukudhamini haachiliwi na talaka.

Sajini Mstaafu
La haraka kwa wanaume na wanawake wa kikosini: bima ya maisha, SGLI, inamfuata aliyeandikwa, si hukumu ya talaka. Mahakama Kuu iliamua hivyo mwaka 1981. Tangu Machi 2023 kiwango cha juu ni dola 500,000, kwa hiyo ingia kwenye SOES, mfumo wa mtandaoni wa bima hiyo, wiki ileile hukumu inapotoka, usome jina lililoko hapo.