Livabodi ya wiki nzima Bahari ya Shamu, nina daivu 38 tu, niende au nisubiri?

Kunduchi_Mbizi

Wakuu salaam. Naombeni ushauri kwa waliowahi kupanda livabodi, zile meli za wazamiaji, unapanda jumamosi unashuka jumamosi ya pili, unalala humohumo unakula humohumo na kuzama mara tatu nne kwa siku. Nimepata likizo mwezi wa kumi na kiakiba kidogo, nimeona safari za Misri zinazotokea Hurghada, kuna moja inakwenda visiwa vya Brothers na miamba ya Daedalus na Elphinstone, picha za papa nyundo zimenikosesha usingizi. Bei dola 1,200 na ushee bila ndege.

Sasa mimi nina cheti cha uzamiaji cha Advanced nilichukulia Nungwi mwaka juzi, daivu 38, karibu zote Mnemba na chache hapa Mbudya. Kwenye tangazo wameandika lazima uwe na 50. Jamaa wa kazini anasema jaza tu logibuku, kile kitabu cha kuandika daivu zako, nani atakwenda Mnemba kuhesabu. La pili, mke wangu hazamii, anaelea juujuu na miwani, nimchukue au nimwache? La tatu, mimi hata boti ya Unguja nikipanda mwezi wa saba nusu ya njia nishaomba mfuko. Mnaonaje?

Mkojani_Halisi

Dola 1,200 ili ulale baharini siku saba?? Shekhe kwetu Kojani watu wanakwenda dago wiki mbili tatu, wanalala juu ya mchanga na wanarudi na hela. Njoo nikuchukue bure ila utavuta nyavu 😂😂

TeziNaOmo

Mkuu mimi ni daivmasta, yaani naongoza wazamiaji, huku Nungwi mwaka wa tisa sasa, na Misri nimekwenda mara mbili kwa hela yangu, mara moja njia ya kaskazini mara moja Brothers, kwa hiyo sikupambi. Logibuku usiijaze uongo. Pale mezani wala hawatakukamata, wataangalia karatasi wapige muhuri yaishe, shida inaanza ukisharuka. Visiwa vile viko peke yao huko nje, zaidi ya kilomita 60 kutoka pwani, ni majabali mawili yameota toka chini kabisa, kwenye kile kikubwa kuna mnara wa taa waliojenga Waingereza 1883 na hakuna kingine. Ukitazama chini ya mapezi yako huoni mchanga, unaona bluu inaingia giza.

Mnemba ukipotezana na kundi unapanda taratibu, ukitoa kichwa unakuta boti saba za watalii na mtu anakata nanasi. Kule unaruka toka boti ya mpira na unazama hapohapo bila kuelea, ukichelewa nusu dakika mkondo ushakupitisha mwamba. Ukimaliza unapanda kwenye bluu tupu, huna mwamba wa kushika wala wa kutazama, na yule dereva wa boti ya mpira juu anatafuta kitu kimoja tu, boya lako. Sasa nikuulize, boya umelirusha toka chini mara ngapi? Kama jibu ni mara moja kwenye kozi basi bado bado. Af kuna yule papa wa pezi jeupe la mviringo, wenyewe wanamwita longimanus, huyu si kama hawa wetu ukimtazama anakimbia, anakuja mwenyewe mpaka mita mbili akusome, na unatakiwa utulie umwangalie, usipige mateke wala usipande juu kwa pupa. Mtu anayehangaika na BCD yake, lile jaketi la kuelea, saa hiyo anahangaisha kundi zima.

Chukua njia ya kaskazini. Ras Mohammed, mwamba wa Abu Nuhas wenye meli zilizozama, na Thistlegorm, na wala usione umepewa makombo. Mimi ukiniambia nirudie moja narudia kaskazini.

Thistlegorm ni meli ya mizigo ya Waingereza, ilikuwa inapeleka vifaa vya jeshi Misri wakati wa vita, imetia nanga inasubiri zamu ya kuingia Suez, usiku wa kuamkia tarehe 6 Oktoba 1941 ndege za Wajerumani zikaipiga bomu. Iko kwenye mita 30. Nahodha wetu alituamsha gizagiza ili tuzame saa kumi na mbili kabla boti za Sharm el-Sheikh hazijafika, maana zikifika ni Kariakoo. Unashuka na kamba, mikono miwili, mwili wote umelala kama bendera kwa mkondo, ila ukishaingia kwenye shimo la shehena maji yanatulia ghafla kama umefunga mlango. Humo malori yamepangwa, na juu ya malori pikipiki, zimesimama vilevile zilivyofungwa bandarini, viti vimeoza imebaki springi. Pembeni kuna rundo la mabuti ya mpira. Nikamulika tochi nikaona soli tu, soli juu ya soli, samaki mdogo anatoka kwenye buti moja anaingia jingine. Nimeduwaa hapo nikaja kushtuka geji ya hewa inasoma 80, mimi daivmasta. Kiongozi wangu wa daivu, Mmisri, alinitolea macho mpaka leo nayaona.

Kwa hiyo fanya hivi, kabla ya mwezi wa kumi nenda Pemba fanya daivu sita nane, Misali na zile kuta za kaskazini, kule kuna mkondo wa kweli. Kila daivu rusha boya, kila daivu, mpaka mkono ujue wenyewe. Na chukua kozi ya naitroksi, ile hewa iliyoongezwa oksijeni, ni ya siku moja. Ukizama mara nne kwa siku siku sita mfululizo ile nitrojeni inajilimbikiza mwilini, na ule mchanganyiko wa oksijeni asilimia 32 unakupa nafuu kubwa, ila kumbuka ukipita mita 33 hivi oksijeni yenyewe ndo inaanza kuwa hatari. Sisi huku tumewaona wenzetu wanaozamia majongoo ya bahari, mitungi mitatu minne kwa siku, kina kirefu, hana saa wala jedwali, leo wamekaa barazani miguu haifanyi kazi. Hiyo habari haihitaji kozi.

Mzee_wa_Bluu

Mnamtisha kijana bure. Mi nilikwenda Brothers na daivu 41, nikawaambia 60, hakuna alieuliza na nimeona papa nyundo kama kumi na tano. Maisha mafupi nenda.

TeziNaOmo

@Mzee_wa_Bluu siku hiyo mkondo ulikuwaje?

Mzee_wa_Bluu

Ulikuwa haupo 😅

BintiLikoni

Haya naona wanaume mmeongea papa, mikondo na pikipiki, meli yenyewe hamjaigusa. Kaka Kunduchi, mimi niko Mombasa, nimepanda mbili za Misri na moja Maldives. Kitu cha kwanza ukifika, kabla hata ya kutoa nguo kwa begi, tafuta mlango wa pili wa kutokea kule chini kwa vyumba. Wao watakwambia upo. Wewe uende, uufungue kwa mkono wako, utoke nao. Safari yangu ya kwanza niliupandia ngazi nikausukuma hausukumiki, kumbe kule juu wamepanga kreti za soda. Nikamwita meneja wa safari akacheka ati watatoa. Nikamwambia nalala kwa deki mpaka zitoke, na kweli nikachukua mto. Zikatoka kabla ya chakula cha usiku.

Msinione mbishi. Septemba 2019 kule California meli ya Conception ilishika moto usiku watu wamelala chini, wakafa 34, na uchunguzi ukasema hapakuwa na mtu wa kuzunguka kulinda usiku. Hapohapo Misri, Novemba 2024, Sea Story ilipinduka alfajiri baada ya kutoka Port Ghalib, kuna waliotolewa wakiwa hai baada ya kunasa ndani zaidi ya siku nzima. Kwa hiyo uliza kabla hujalipa, usiku nani anakaa macho? Betri za tochi na kamera zinachajiwa wapi? Kama wanaacha kila mtu achaji chumbani kwake usiku, tafuta meli nyingine. Na wewe mwenyewe simu usiiache kwa chaji ukalala.

Kuhusu mke. Huyo mke ana jina na ana mdomo, umemuuliza? Njia ya Brothers asiyezama atakaa wiki nzima anaangalia maji, huko nje si pa kuelea na miwani. Kaskazini kuna sehemu zenye utulivu anaweza kuingia majini, lakini kusema ukweli saa zote mtakuwa mnaongea mitungi na yeye yupo tu. Dada yangu tulimwacha hotelini Hurghada siku nne, alinishukuru.

Kichefuchefu kinapona. Anza dawa siku moja kabla ya kupanda si ukishaanza kutapika, muulize mfamasia ile isiyoleta usingizi sana, na uijaribu kwanza ukiwa nchi kavu. Omba chumba cha chini katikati ya meli, usikubali cha juu mbele hata wakikwambia kina dirisha kubwa. Upepo kule unatoka kaskazini karibu mwaka mzima kwa hiyo mkipanda kwenda juu meli inapiga kichwa usiku kucha, mkirudi inateleza kama mafuta.

Mwana_wa_Matrah

Assalam aleykum. Niko Muscat, mimi huzamia visiwa vya Daymaniyat mwisho wa wiki, na Hurghada nimekwenda mwaka jana, Waarabu wenyewe wanaiita Ghardaqa usije ukashangaa kibao uwanja wa ndege.

Niongeze kidogo maisha ya humo ndani maana hakuna alonambia. Ukipanda tu viatu wanavichukua wanatia kikapuni, wiki nzima peku. Unapewa sehemu yako kule nyuma, mtungi wako haupandi wala haushuki, wanauletea mpira wa kujazia hapohapo ulipokaa, wewe kazi yako ni kupima naitroksi mwenyewe kabla ya kila daivu na kutia saini, usimwachie mtu akupimie hata kama mnapendana. Kengele ikilia ni maelezo, ikilia tena ni chakula, siku ya tatu nikawa nasikia kengele hata haijalia. Asubuhi fuul (maharage) na taamiya (bajia zake), mchana samaki wali, usiku wa mwisho walitupa bata mzinga mzima kama harusi. Karatasi ya chooni haitiwi chooni. Maji ya kuoga ni ya kuhesabu. Na siku ya nne, bwana, utachoka. Mimi niliruka daivu moja nikalala juani, nikaona aibu kidogo, jioni ndo nikajua nusu ya meli wameniiga.

Kingine. Baadhi ya njia zinapita Salem Express, karibu na Safaga. Ile ni feri, Desemba 1991 ilitoka Jeddah ikagonga mwamba usiku, wakafa mamia ya watu wakiwemo waliotoka Makka. Wengine wanaingia ndani kupiga picha. Mimi nilizunguka nje tu, nikaona masanduku ya nguo na redio kwenye mchanga, nikasoma Fatiha nikapanda zangu. Kiongozi wa daivu hakunilaumu, na yeye hakuingia. Uulize mapema ipo kwenye ratiba au haipo, ujue mapema utafanya nini.

Na pesa, hiyo 1,200 siyo mwisho. Ada ya hifadhi ya bahari, naitroksi, kukodi vifaa na bakshishi ya mabaharia vinalipwa pembeni, mimi vilinifikia kama dola 350. Bima ya uzamiaji usiache, ile ya safari ya kawaida soma maandishi madogo, nyingi zinakataa gharama za chumba cha presha, kile cha kumtibu mzamiaji aliyedhurika na nitrojeni.

Kunduchi_Mbizi

Wakuu shukrani sana, nimesoma yote mara mbili. Nimeghairi Brothers, nimewaandikia watu wa kaskazini, na swali la betri wamejibu kwamba zinachajiwa juu sebuleni na kuna mlinzi usiku. Dada BintiLikoni nilimuuliza mke, akasema alikuwa anasubiri tu nimuulize, yeye hataki meli anataka Cairo kwa shangazi yake, na mimi nitamkuta huko. Pemba naenda mwezi wa nane. Mwisho wa mwezi wa kumi maji baridi? Na nikishamaliza daivu ya mwisho naweza kupanda ndege kesho yake asubuhi?

TeziNaOmo

Mwezi wa kumi maji bado yana joto, baridi ni mwezi wa pili, inashuka mpaka 21, 22, hapo mswahili anatafuta koti. Suti ya milimita 5 inakutosha. Ndege angalau masaa 18 baada ya daivu ya mwisho, meli nyingi zinataka 24, ndo maana siku ya mwisho mnazama asubuhi tu. Wewe kata tiketi ya jioni ule samaki Hurghada utulie.

Kunduchi_Mbizi

Poa mkuu. La mwisho kabisa, fomu inauliza mtungi lita 12 au 15, ya 15 wanaongeza hela. Mnemba mtungi unaniisha dakika 35.

TeziNaOmo

Dakika 35 mita ngapi?

Kunduchi_Mbizi

14 😬

TeziNaOmo

15 mkuu. Lipa.

Mkojani_Halisi

Mita 14 dakika 35?? Huyu hata nyavu zangu simpi, atanimalizia upepo wa tanga 😂