Matembezi ya siku moja milimani kutokea Dodoma

Swali, kutoka kwa Mgeni wa Nzuguni
Habari zenu, wakuu. Nimehamia Dodoma kikazi na ningependa kuwapeleka wanangu wawili, wa miaka 9 na 12, kupanda kilima na kurejea nyumbani siku hiyo hiyo. Mnanishauri twende wapi?

Mkazi wa Kondoa
Karibu sana. Fikeni Kolo, kando ya barabara ya Kondoa kuelekea Babati, mkaone michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Pitieni kwanza ofisi ya mambo ya kale, mlipe kiingilio na kupewa mwongozaji, kwa kuwa njia ya kupanda ina mawe na miteremko mikali. Juu, chini ya mwamba ulioinama kama paa, mtaona wanyama na watu wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu. Waambie watoto wasiiguse wala kuimwagia maji ili ing'ae pichani, maana nimewahi kuwaona watu wazima wakifanya hivyo. Wenyeji bado hufanya matambiko huko, hivyo mnyamaze mtakapoombwa.

Mzee wa Makulu
Ndugu yangu wa Kondoa kasema kweli, ila safari hiyo inataka kuondoka alfajiri. Kwa kuanzia, wapeleke Mlima wa Simba hapa hapa mjini, saa kumi na mbili asubuhi, kabla mawe hayajapata moto.

Mgeni wa Nzuguni
Nashukuru. Jumamosi tunaanza na Simba.