Sikwensa ya zamani: niiunganishe na MPC One au Digitakt?

Kinanda_Usiku: Wakuu, salaam. Nimeachiwa sikwensa (mashine inayokumbuka noti na kuviamuru vyombo vingine vizipige) ya miaka ya 1980, bado nzima. Nataka kuiunganisha na mashine ya kisasa ya kutengenezea muziki. Nimebaki na chaguo mbili, MPC One na Digitakt, na mwisho wa mwezi lazima niwe nimeamua. Nichukue ipi?

MzeeWaMidundo: Sikwensa gani, mkuu? Ina MIDI (njia ya vyombo kupeana amri za noti kwa waya) au ni ya kabla ya 1983, MIDI haijaja? Usitupe kazi ya kupiga ramli.

Sauti_Kavu: Na kitakacholia ni nini? Sikwensa yenyewe haina sauti.

Kinanda_Usiku: Samahani wakuu. Ni Alesis MMT-8. Vinanda vya MIDI ninavyo viwili.

MzeeWaMidundo: Haya, sasa tunaongea. MPC One, funga mjadala. Ina matundu ya MIDI ya pini 5, la kuingia na la kutoka. MPC iongoze tempo, MMT-8 ifuate. Halafu ndipo utaona utamu wa kale: vitufe 8 vya traki viko mbele yako, unazima besi, unarudisha ngoma, kidole tu, hakuna kupekua menyu.

DadaLupu: Mzee wangu, kila uzi wewe ni MPC! Digitakt nayo ina pini 5, tena ina na THRU (tundu la kupitisha ishara kwenda chombo kingine), na jamaa ana vinanda viwili. Kasoro ya toleo lake la kwanza, la 2017, ni kwamba sampuli zake (vipande vya sauti) ni mono, si stereo. Ila nikisema kweli, ina traki 8 za MIDI ndani yake. Ukishaizoea, hiyo MMT-8 itageuka pambo la meza.

Fundi_Waya: Kabla ya yote, muulizeni betri ya ndani ni ya lini. Mimi nilikuwa na sikwensa ya enzi hizo hizo (siitaji jina). Nilitunga humo miezi mitatu, nyimbo saba, zote kwenye kumbukumbu yake. Siku moja nikachomoa umeme nipanguse vumbi. Dakika kumi tu. Kuwasha, kioo kimejaa vimistari na herufi za ajabu, halafu kikatulia: nyimbo zote tupu. Betri ilishakufa zamani, umeme wa ukutani ndio uliokuwa umezishikilia. Nilikaa na kitambaa mkononi kama mfiwa. Tangu hapo, kila nikimaliza kipande nakitoa kwa SysEx (data ya kumbukumbu kupitia waya wa MIDI), nakihifadhi kwenye kompyuta.

Sauti_Kavu: Pole kaka. Ila swali langu: kwa nini ahangaike? MPC inagawa pigo moja mara 960, MMT-8 mara 96. Kwa tempo 120, hiyo 96 ni hatua za milisekunde 5 hivi. Utapiga kitu chenye uhai, itakinyoosha.

MzeeWaMidundo: MPC60 ya zamani nayo ilikuwa 96, na watu walicheza mpaka asubuhi.

Sauti_Kavu: Hayo ni mapenzi ya ujana, Mzee.

DadaLupu: Na MIDI yenyewe ni biti 31,250 kwa sekunde, noti moja inakula karibu milisekunde nzima. Bonyeza noti sita pamoja uone ya mwisho inavyobaki nyuma. Hapo 960 haikusaidii kitu.

Fundi_Waya: Mnabishana tu. Kinanda, ukiunganisha kwenda na kurudi, zima MIDI ECHO (kurudisha nje noti inazopokea) kwenye MMT-8. La sivyo noti zitazunguka na kinanda kitashikwa kwikwi.

Kinanda_Usiku: Asanteni. Betri sijaifungua. Halafu nimeona nyuma imeandikwa 9V AC (mkondo geu), adapta niliyonayo ni 9V DC (mkondo mnyoofu), ila plagi inaingia vizuri kabisa. Nichomeke nijaribu?

Fundi_Waya: USICHOMEKE.

MzeeWaMidundo: Plagi kuingia si hoja, mkuu. Tafuta ya AC kwanza.

DadaLupu: Sasa Kinanda aliposema "bado nzima", alijuaje?