Risasi yangu haifiki ila tangazo lao la kushinda bodaboda limefika. Hawa jamaa wanatutafuta nini?

Fundi Barafu:
Wakuu habari za usiku, au za asubuhi, sijui niite nini maana saa hizi ni saa tisa kasoro, sijalala, nimekaa ukingoni mwa kitanda natetemeka kama nimeshika waya wa friji.

Sitaji jina la huo mtandao wa simu. Mnawajua. Wale wale. Ukijifanya huwajui basi wewe unafanya kazi kwao.

Iko hivi. Jana nimetoka Kariakoo kununua spea, foleni ya Buguruni imenitafuna mpaka nikasahau nyumbani kwetu ni wapi, nimefika Tabata nimeoga, nimekula, nimepaka poda vidole gumba (msicheke, bila poda kidole kinanasa kwenye kioo unakufa huku unajiona), nimejiunga bando la elfu tatu nikasema leo na mimi nijipe raha. Gemu lile la bunduki, watano kwa watano. Skwadi yetu tumeokotana humu humu mjini, wawili wa Mbagala, mmoja Kimara, na dogo mmoja hata sauti haijavunjika anasema yuko Kigamboni kwa bibi yake.

Mechi ya kupanda ranki. Tumefungana, raundi ya mwisho. Wenzangu wote wamelala, nimebaki mimi, upande wa pili wamebaki wawili. Nikamlaza mmoja. Kabaki mmoja. Pingi (zile milisekunde data inazotumia kwenda kwenye seva, yaani kompyuta inayoendesha gemu, na kurudi) inasoma 71, rangi ya kijani, na hapo ndipo nilipokosea, niliiamini.

Jamaa akatokea pembeni ya nyumba ya njano. Nimemuona mimi kwanza. NIMEMUONA MIMI KWANZA. Nikamwaga risasi kama najaza pipa, jamaa hata unywele haujatikisika, kasimama kama mtu anayesubiri chenji. Kuangalia juu pingi imekuwa nyekundu, 840. Nikasema hapa hapana, nikakimbilia nyuma ya kontena la bluu, nikaingia mzima mzima, nikachuchumaa, nikabadilisha magazini, nadhani hata nilikohoa. Halafu nikafa. Nyuma ya kontena. La chuma. Nimekufa nimechuchumaa nyuma ya chuma.

Na hapo hapo, katikati ya kioo, juu kabisa ya kitufe cha kufyatulia, ikashuka meseji. Hongera mpendwa mteja, cheza sasa ujishindie bodaboda mpya!!

Yani risasi yangu, kitu kidogo hivyo, imeshindwa kuvuka. Bodaboda nzima imevuka, imefika, imepaki usoni kwangu. Mpaka naandika hapa naamini ile risasi ipo Chalinze inaomba lifti.

Nikaangalia marudio. Kwenye marudio mimi sijawahi kufika kwenye kontena maishani mwangu. Nipo katikati ya uwanja nimesimama wima, nimegeukia ukuta, sijafyatua hata moja, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Jamaa akaja kwa kutembea. KWA KUTEMBEA.

Kimya kwenye maiki. Halafu dogo wa Kigamboni akaongea, kwa upole kabisa, bora angenitukana: "Anko, kama umechoka ungesema."

Anko, kama umechoka ungesema. Mimi. Miaka 34, nina watoto wawili na cheti cha ufundi.

Nikapiga huduma kwa wateja, nimesikilizishwa muziki mpaka nimeukariri. Akapokea dada mmoja, sauti nzuri tu, nikupe msaada gani. Nikamwambia nimeuawa. Akanyamaza. Akasema pole sana kaka, umesharipoti polisi? Nikamwelekeza taratibu, pingi, kontena, bodaboda. Akasema kwenye eneo lako mtandao uko vizuri kabisa, naomba uzime simu halafu uwashe.

Sina swali. Nilitaka tu mjue. Nyuma ya KONTENA.

Bosi Kobe:
"Umesharipoti polisi" 😂😂 nimecheka mpaka nimeamsha nyumba

Mchungulia Dirisha:
Anko, kama umechoka ungesema.

Kiti cha Nyuma:
Mkuu mbona unazunguka, sema tu ulipigwa. Kila anayepigwa mji huu ni mtandao. Ukishinda ni kipaji.

Fundi Barafu:
Nimemuona mimi kwanza.

Kiti cha Nyuma:
Alaa, basi pole

Mtu wa Nyaya:
Naomba nieleweshe kidogo watu wasilaumu ovyo. Mleta uzi kwenye simu yako ulikuwa nyuma ya kontena, hilo ni kweli kabisa, ila kwenye seva ulikuwa hujafika. Haya magemu hayasubiri seva ijibu ndo uone mguu wako unatembea, simu inakutembeza yenyewe kwa kukisia halafu inakuja kuomba radhi baadaye. Ujanja huo una miaka, John Carmack, mtunzi wa programu za magemu, aliuweka kwenye gemu la QuakeWorld 1996 kwa ajili ya watu wa intaneti ya simu za mezani, pingi zao zilikuwa za kutisha kuliko hiyo yako.

La pili, na hili ndo linaloua watu nyuma ya kuta kila siku, gemu nyingi risasi ikifika seva, seva inarudisha saa nyuma kidogo na kuuliza huyu mpigaji alikuwa anaona nini pale alipobonyeza? Kama kichwa chako kilikuwepo kwenye kioo chake, umekufa, hata kama wewe ulishajificha na kukohoa. Kwa hiyo jamaa hajakuibia. Yeye kaona mlingoti, kaupiga.

Umbali nao msiusahau. Dar mpaka Johannesburg ni kama kilomita 2,500. Mwanga ndani ya faiba unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwenda na kurudi hapo tayari ni milisekunde 25 hata waya ungenyooka kama rula, na haujanyooka. Seva ikiwa Dubai ni kama 40. Kwa hiyo 71 ni halali yako. Ila 840 huo siyo umbali tena, hiyo ni foleni, mnara umejaa, kila data yako imepanga mstari nyuma ya video za watu.

Na meseji kukuwahi siyo ajabu, meseji ya kawaida haiendi na bando, ina njia yake pembeni ya mawasiliano ya mnara. Wewe uko kwenye daladala, yenyewe iko kwenye mwendokasi.

Bosi Kobe:
Professa kaandika saa kumi alfajiri, huyu naye kapigwa leo

Mtu wa Nyaya:
Sijapigwa.

Mtu wa Nyaya:
Nimepigwa mara tatu ila siyo mtandao.

Fundi Barafu:
Mkuu maelezo nimeyaelewa na yameniumiza zaidi. Kwa hiyo risasi nilizomwaga mimi seva haikurudisha saa nyuma? Jamaa alistahili saa kurudishwa, mimi sistahili?

Mtu wa Nyaya:
Inarudisha ila ina kikomo, na risasi zako zimefika wewe ukiwa marehemu. Marehemu hapigi.

Mchungulia Dirisha:
MAREHEMU HAPIGI hiyo naiandika nyuma ya bajaji kesho

Pingi Mia Mbili:
Wakuu mimi ndo yule mnayemlaani. Natumia hotspoti ya shemeji, simu yake ipo chumbani kwake na mimi nipo sebuleni, pingi haijawahi kushuka 200. Watu wananiandikia matusi nawapiga nyuma ya kuta, mimi kwenye kioo changu naona nawapiga vizuri tu wamesimama. Ushauri wangu usijibanze kwenye kona kusubiri mtu, anayejitokeza kwa kasi anakuona kabla simu yako haijaambiwa kuwa yupo. Wewe unasubiri, unafia hapo hapo na subira yako.

Kiti cha Nyuma:
Huyu akamatwe na shemeji yake

Chumvi Nyingi:
Nyie wa simu mnachekesha, njooni kwenye kompyuta. Counter-Strike seva inapiga hesabu mara 64 kwa sekunde, Valorant mara 128, na bado watu tunalia. Ila mimi adui yangu siyo mtandao, ni mwenye nyumba. Luku tunachangia wapangaji wanne, kila nikiingia raundi ya mwisho mama wa chumba cha mbele anachomeka pasi, umeme unalala wote. Nikilalamika naambiwa mimi ndo nakula umeme na "kile kitivii changu".

Mama Wawili:
Umeme wa kuchangia usinikumbushe. Sisi kuna mtu anapika maharage kwa jiko la umeme. MAHARAGE. Saa nne nzima.

Chumvi Nyingi:
Ya kuloweka au makavu?

Mama Wawili:
Makavu kabisa ndugu yangu

Bosi Kobe:
Huyo anatakiwa aripotiwe polisi

Zamani Kulikuwa:
Mnalia 840? Mmesahau Mei 2024 nyaya mbili za baharini zilipokatika huko chini upande wa Afrika Kusini? Nilicheza bao na babu mkwe. Kanifunga na yeye, hakuna mtandao wa kusingizia.

Fundi Barafu:
Jamani turudi kwenye mada. Kontena.

Kiti cha Nyuma:
Mkuu miaka 34, saa tisa usiku, unagombana na mtoto aliyeko kwa bibi yake. Lala.

Fundi Barafu:
Sijagombana naye. Yeye ndo kaniambia kama nimechoka ningesema. Ningemtukana leo nisingekuwa naandika, ila aliongea kwa upole, kama ananisaidia kuvuka barabara.

Mama Wawili:
Afadhali nyie mnaopigwa kwenye gemu. Mimi mume wangu, jana usiku mtoto ana homa, namwamsha baba yake, kumbe hajalala, yuko gizani na poda vidoleni, ananiambia nisubiri raundi iishe. Nikasubiri. Ikaisha akatoka nje kupiga simu huduma kwa wateja.

Mchungulia Dirisha:
Subiri kwanza

Bosi Kobe:
PODA VIDOLENI

Pingi Mia Mbili:
Dada upo Tabata?

Mama Wawili:
Nipo Tabata kwani vipi?

Fundi Barafu:
Dar ina watu wengi sana wanaotumia poda.

Mama Wawili:
Na friji la nyumbani lina mwezi wa pili halipoozi, mwanaume ni fundi friji.

Kiti cha Nyuma:
Nimekaa paleee na karanga zangu

Fundi Barafu:
Mama fulani njoo chumbani tuongee, zima simu.

Mama Wawili:
Nizime halafu niwashe?

Mchungulia Dirisha:
😂😂😂😂 hapa hakuna wa kumwokoa

Zamani Kulikuwa:
Ila mleta uzi, kwa kuwa umeshajitaja kuwa fundi, naomba msaada. Langu la milango miwili, juu linagandisha mpaka nyama inakuwa jiwe, chini hata maji hayapoi. Fundi mmoja kaniambia gesi imeisha anataka laki na nusu.

Fundi Barafu:
Mkuu usitoe hiyo hela. Kama juu linagandisha vizuri usikimbilie gesi kwanza. Kama ni aina ile yenye feni ndani, barafu imeziba njia ya hewa inayoshuka chini, au feni yenyewe imekufa. Fungua mlango wa juu uweke sikio, ukibonyeza kile kiswichi cha mlangoni unasikia feni?

Zamani Kulikuwa:
Inasikika kama inakwaruza kitu

Fundi Barafu:
Hiyo ni barafu inagusa mapanga. Toa vitu vyote, chomoa, acha milango wazi siku nzima, weka matambara chini maana maji yatakuwa mengi. Usichokonoe na kisu, utatoboa bomba la gesi hapo ndo utailipa kweli hiyo laki na nusu. Ikiyeyuka rudisha. Barafu ikirudi ndani ya wiki basi ni hita ya kuyeyushia au taima, hiyo nitafute.

Zamani Kulikuwa:
Kwa hiyo nizime, halafu niwashe?

Fundi Barafu:
Eeh. Ila siyo saa hiyo hiyo.

Chumvi Nyingi:
Mkuu na langu linatoa maji chini kila asubuhi, na usiku linanguruma kama bajaji inapanda mlima. Unakuja mpaka Kimara?

Fundi Barafu:
Nakuja Jumamosi. Linatoa maji mbele au nyuma?